Deo Hakuyasema Hayo

Kemi mwanangu,

Salamu sitazirefusha. Tunalala nyumba moja, asubuhi nimekusikia ukipiga chafya bafuni, kwa hiyo kwamba u mzima najua, na kwamba umeninunia najua zaidi. Nakuandikia nikiwa stoo, nimekalia robota la jinzi za watoto, wewe na mama yako mmetoka kutafuta koti la baridi. Nimemwomba mama yako akupe barua hii jioni, kabla hujafunga begi, kwa sababu ina neno moja ambalo sitaki ulisikie kesho ukiwa mlangoni: sitakusindikiza uwanja wa ndege.

Kaa chini kwanza. Usiichane. Nina sababu, na sababu yenyewe nusu yake unaijua.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa soksi mbili, kuficha pasipoti na kuwaangalia kwa jicho moja wanaume wa Kitaliano huko uendako kusoma, mama yako ameshayamaliza. Ameyarudia mpaka yule jirani Mchina anayepita na mbwa wake ameyakariri. Hapo mimi sina la kuongeza. Nitakueleza tu nilivyoharibu, na kesho nakwenda kufanya nini.

Baba yako unamjua. Mhaya asipojisifu, mpelekeni hospitali. Nimekanyaga Dubai, nimekanyaga Istanbul, nimekula supu ya nyoka nikaomba ya pili. Hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, hakuna asiyenijua, kuanzia wauza simu wa Huanshi Zhonglu hadi Wakongo wanaosukuma mikokoteni. Kichina changu ni cha kununulia tu, lakini nikiingia maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu nikaita "laoban!" kwa sauti yangu ile, bosi mwenyewe anaanza kushusha bei kabla sijagusa kalkuleta. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma nikiwa nimekaa karibu na mlango. Ila utenzi! Utenzi niliuokota redioni, nikihesabu mizani kwa vidole, vidole vinane vinafanya kazi na viwili vya gumba vinapumzika. Na leo, katika umoja wetu wa wafanyabiashara hapa Guangzhou, iwe harusi, iwe kipaimara, iwe kumuaga mtu, sufuria hazifunuliwi mpaka Baba Kemi asome. Hata wali unajua hivyo. Na kila ninaposoma, desturi ni kwamba kiongozi lazima atokee ndani. Harusi ni ya watu wawili, lakini ubeti wa tano utamkuta Mwenyekiti humo, anabariki.

Desturi hii sikuianza mimi. Babu yangu kule Bukoba alikuwa mpiga enanga, kinanda chetu cha nyuzi. Alikuwa akiimba vita vilivyopiganwa kabla baba wa mkubwa wao wa wakati ule hajazaliwa, na katikati ya vita hivyo anamwingiza huyo mkubwa, na mkuki mkononi, anaua watu. Mkubwa mwenyewe amekaa pale, mnene, anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija, anatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka. Watu wakimuuliza babu baadaye, anasema, "Rubisi ilikuwa ya nani?" Tulicheka sana. Mimi nilikua nikidhani huo ndio ushairi: unaangalia rubisi ni ya nani, halafu unaanza.

Kisha ukaja wewe na Warumi wako.

Siku uliyosema unataka kusoma Kilatini, nilidhani una homa. Watoto wa wenzangu wanasoma udaktari, wanasoma kompyuta; wangu anasoma lugha ambayo wenyewe wote wamekufa. Nikamuuliza mama yako, "Sasa huyu atamuuzia nani?" Lakini ulipoanza kunisimulia humu stoo, mimi nakaza kamba, wewe umeshika mkasi na utepe wa gundi, haki ya Mungu nikaona hawa watu nawajua. Ni watu wa Xiaobei tu, wamevaa mashuka.

Ulinieleza jinsi washairi wao wakubwa walivyotunga tenzi ndefu za mambo ya kale, vita na safari na miji inayoungua, na ndani yake, kama mtu anayeficha dola kwenye soksi, wanamweka mtawala wao aliye hai. Nikakuuliza wanamwekaje, maana hadithi imetokea mamia ya miaka kabla yake. Ukacheka. Ukasema, wanampeleka shujaa kuzimu. Huko anamkuta baba yake marehemu, na marehemu anamwonyesha roho zinazosubiri kuzaliwa, zimepanga mstari: huyu atajenga, huyu atashinda, na yule pale, mwanangu, ndiye atakayeleta neema duniani. Yule pale ndiye mtawala, ambaye yuko Roma hivi sasa anakula zabibu na kumsikiliza mshairi.

"Kwa hiyo anayesifu si mshairi," nilisema.

"Anayesifu ni maiti, baba. Na maiti hana njaa. Nani atasema anajipendekeza?"

Niliiacha kamba. "Rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo pa maiti."

Ukarudia. Ukaongeza na kile kisa kinachosimuliwa, kwamba siku mshairi aliposoma mbele ya mtawala na jamaa zake, alifika kwenye roho ya kijana wa ukoo aliyekuwa amefariki karibuni, na mama mzazi wa kijana alikuwa amekaa pale pale. Akazimia.

"Huyo ndiye mshairi!" nilipiga robota kofi. "Anaangusha watu wazima!"

"Baba, mama wa watu alizimia."

"Ndiyo nasema!"

Ulinitazama hivi, ukaendelea kukata utepe. Wewe ulikuwa unamwona yule mama. Mimi nilikuwa namwona mshairi, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kumvalisha shati langu.

Sasa niandike ya Deo. Wewe unayajua kuliko mimi, lakini nataka uone kwa mwandiko wangu kwamba mimi pia niliyajua, kwamba sikutunga kwa kutojua.

Deo tulishirikiana kontena. Mtu mkimya kuliko wote niliowahi kufanya nao biashara, ukimuuliza "Tununue nyeusi au za bluu?" anajibu "Ee." Alianguka kwenye ngazi za hoteli, akafika hospitali akiwa ameshakata roho. Mkewe, Mama Neema, anayetupikia ugali na samaki pale nyuma ya maduka ya simu, Kichina chake chote ni "mei you", yaani hakuna, kwa sababu ndilo jibu analopewa kila akiulizia unga. Ni wewe uliyeacha darasa ukaenda kukaa naye hospitali. Wewe uliyezungumza na madaktari, wewe uliyetafsiri makaratasi, wewe uliyetoka ofisi moja hadi nyingine ukitafuta kibali cha mwili kusafiri. Wakati huo Deo amelala kwenye jokofu la watu. Ukampigia Mwenyekiti wetu, maana kazi ya umoja ndiyo hiyo, kuzikana. Hakupokea. Ukampigia tena na tena. Ukamwandikia ujumbe. Akakujibu kwa picha ya kidole gumba.

Kidole gumba, basi. Wanawake wa majiko ya Xiaobei ndio waliochangishana, Mkongo mmoja wa mizigo akatuazima gari lake, na Deo akapata ndege. Na siku jeneza linaingia sehemu ya mizigo, Mwenyekiti akatokea, suti nyeusi, na mpiga picha. Akaweka mkono juu ya jeneza, akainamisha kichwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilimshikia mwavuli mpiga picha, kamera isilowe.

Ulikuwa umesimama upande wa pili na Mama Neema, na uliniona.

Kesho umoja unafanya sherehe kubwa. Mwenyekiti anataka kuongezewa muda, na wamealikwa wageni wazito kutoka nyumbani. Aliniita akasema, "Baba Kemi, safari hii sitaki zile beti za harusi. Nataka kitu kikubwa. Ukumbi una skrini, maiki ya kisasa, watu mia kadhaa. Jina lako litaandikwa kwenye ratiba." Kemi, sikuombwa kwa pesa. Ningeombwa kwa pesa ningebishana bei, na katika kubishana ningepata akili. Nilionyeshwa maiki tu.

Nikatunga. Na kwa kuwa nilikuwa nimesoma Roma, Roma yangu ya juu ya marobota, nikaona nitawaonyesha watu wa Guangzhou jambo ambalo hawajawahi kuliona. Nikamshusha mtu kuzimu. Nikamkutanisha na Deo. Na Deo akafungua kinywa:

Nilipolala baridi,
ugenini, sina budi,
nani alojitahidi
kunirejesha nyumbani?

Si ndugu wala jamaa,
ni Mwenyekiti shujaa,
mwenye moyo wa kung'aa,
alonitia ndegeni.

Mizani imekaa, vina vimekaa. Nitakwambia jambo baya zaidi: nilipokuwa natunga nililia. Machozi ya kweli. Nilimwona Mama Neema amekaa safu ya mbele, nikamwona anaanguka, watu wanamshika, na mimi nimesimama juu na maiki yangu. Nililia kwa raha, mwanangu. Nikajirekodi kwenye simu, nikamtumia Mwenyekiti, halafu nikaja nyumbani kuwasikilizisha wakati wa chakula.

Mama yako alitazama sahani. Wewe ulisikiliza mpaka mwisho, hilo nakupa, hukunikatiza. Kisha ukasema polepole:

"Baba, umemfanya maiti mpiga debe."

"Ni sanaa hiyo! Wewe mwenyewe umenifundisha. Warumi walifanya!"

"Nilikufundisha walivyofanya. Sikukwambia ufanye." Ukasimama. "Nilikaa na Mama Neema mle hospitali, baba. Mimi nilikaa naye."

Tangu siku hiyo unaniamkia "Shikamoo baba" na unapita. Kama ungeacha hata kuniamkia ningejua umekosa adabu, ningegomba, tungemaliza. Lakini shikamoo yako ni kavu kama kibanzi, na haina pa kuishika. Siku zinakwisha, ndege iko kesho, na mimi nazunguka humu ndani kama mgeni anayesubiri chai.

Kiburi kikanituma kitu kimoja kizuri, na si kwa nia nzuri. Nilitaka kukushinda. Nikasema nitakwenda kwa Mama Neema mwenyewe, nimsomee, alie, anibariki, halafu nirudi nikwambie: unaona? Mwenye msiba kapenda. Jana mchana, wateja walipopungua, nikaingia jikoni kwake. Alikuwa anamenya ndizi.

"Shemeji, nimemtungia Deo."

"Haya," akasema. "Soma, mimi namenya."

Nikasoma. Nilipofika pa Deo nikaibadilisha sauti, nikaifanya ya kaburini. Kisu kikasimama. Nikajisemea, sasa anaanguka. Hakuanguka. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayemweleza kwa nini hana hela ya chakula leo.

"Umemaliza?"

"Bado kuna beti nyingine."

"Zote anaongea yeye?"

"Zote."

"Mmh." Akaanza kumenya tena. "Miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kunisifu hata mimi. Siku nilipomzalia Neema alisema 'Ee'. Leo amekufa, anamsifu Mwenyekiti beti zote hizo?"

Nilicheka, Kemi. Yeye hakucheka, na kicheko changu kikabaki peke yake mle jikoni kama mtu aliyekosea mlango.

"Shemeji," akasema, "mimi sina nguvu za kugombana na Mwenyekiti. Nauza chakula, na watu wake wanakula hapa. Amsifu anayetaka, msimamisheni hata sanamu. Lakini Deo hana kitu kilichobaki kwangu ila ninavyomsikia kichwani. Nikilala namsikia anasema 'Ee'. Kesho kutwa mkinisikilizisha hayo kwa spika, nitakuwa nasikia hayo. Kinywa cha mume wangu niachieni."

Kisha akaniuliza kama nitakula. Nikasema nimeshiba, mimi, ambaye sijawahi kusema hivyo tangu nizaliwe. Nikatoka.

Nilitembea mpaka Guangyuan Xilu kwa miguu. Baba yako ameshawahi kupoteza kontena zima baharini na usiku akala akashiba, jana niliyapita maduka yote bila kuuliza bei hata ya soksi. Si kwa sababu ya Mwenyekiti. Nilikuwa nimegundua kwamba yule mama wa Kirumi, aliyezimia, sikuwahi kukuuliza alipozinduka alisema nini. Nilimwacha pale chini, nikampigia makofi mshairi.

Mwenyekiti nilimkuta kwenye duka la mashati, anachagua ya kuvaa siku ya sherehe. Muuzaji anamwonyesha, yeye anajitazama kwenye kioo.

"Baba Kemi! Malenga wangu! Hii au ile?"

"Ile. Mwenyekiti, nimekuja kwa habari ya utenzi. Zile beti za Deo nataka kuzitoa."

"Kwa nini? Ndizo zenyewe hizo!"

"Deo amekataa."

Akageuka kutoka kwenye kioo. "Maiti amekataa?"

"Amekataa, Mwenyekiti."

Alidhani ni utani wangu wa siku zote. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mcheshi, Kemi: siku unayosema kweli, watu wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Alipoona haiji, akamrudishia muuzaji shati.

"Ni yule mke wake?"

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeyaandika, mimi ndiye nayatoa. Nitakutungia mengine, Mwenyekiti. Nitakusifu kwa kinywa changu mwenyewe, usiku na mchana, wewe unanijua, sichoki. Lakini si kwa kinywa cha Deo."

"Kinywa chako," akasema, na hakupandisha sauti, "kila mtu anajua bei yake. Ndiyo maana cha Deo ni kizuri."

Nakuandikia neno hilo kama lilivyo, kwa sababu ni la kweli, na aliyelisema si mjinga. Warumi wako walilijua, na babu yangu alilijua. Mimi ndiye sikulijua, mpaka nikaambiwa kati ya mashati.

Halafu akaniambia lililobaki. Sauti niliyomtumia ameshampa kijana wa video. Picha za jeneza, za yeye na mkono juu yake, zitapita kwenye skrini, na sauti yangu itakuwa inasikika chini yake. "Kwa hiyo pumzika, Baba Kemi. Uje usije, utenzi upo. Mpeleke mtoto uwanja wa ndege, safari njema kwake. Na wale wateja wa Mwanza ninaokuletea, tutaangalia."

Hapo nikakumbuka jambo jingine ulilonieleza siku moja, nikalipita kama mtu anayepita matangazo: kwamba yule mshairi wao wa kuzimu, alipokuwa anakufa, inasemekana aliomba utenzi wake uchomwe moto. Mtawala akakataa. Ukaendelea kusomwa. Ulisema watu wanabishana mpaka leo kwa nini alitaka uchomwe. Wengine wanasema haukuwa umekamilika. Mimi sijui Kilatini, lakini nilivyokuwa nimesimama pale na mashati yananing'inia kichwani, nilihisi kama najua kidogo. Ukishaweka shairi mkononi mwa mkubwa, huwezi kwenda kulidai. Limekuwa kiti chake.

Basi, unaona hesabu ilivyokaa. Ndege yako ni saa tisa; lazima mtoke hapa saa sita. Sherehe inaanza saa saba. Mama Neema atakuwepo, maana asipokuja watasema amekataa heshima ya mumewe. Amekwama kama mimi. Atakaa safu ya mbele, kiti ameshawekewa. Taa zitazimwa, picha zitaanza, na sauti yangu, hii hii iliyokuimbia ukiwa na surua, itamwambia kwamba ni mumewe anaongea. Nikiwa na wewe uwanja wa ndege nitakuwa nakupungia mkono, na kinywani kwangu kule ukumbini Deo anapiga debe. Siwezi kuwa sehemu mbili. Nimejaribu kutafuta njia, nimemwomba hata kijana wa video. Anasema yeye ameajiriwa. Simlaumu, nilikuwa kama yeye mpaka jana.

Utasema, baba anatafuta jukwaa tena. Nimejiuliza. Huenda. Nimejichunguza kama ninavyochunguza zipu za jinzi, moja moja, na sina uhakika wa asilimia mia. Mama yako nilipomwambia alisema, "Safari hii angalau hakuna atakayekupigia makofi." Nikaona hapo penye usalama.

Sitaki pia ufikiri naenda ili unisamehe. Ukinisamehe nitafurahi mpaka nitaudhi majirani. Lakini hata ungebaki na ile shikamoo yako mpaka uzee, kesho ningekwenda, kwa sababu aliyeniomba si wewe. Kuna mwanamke anamenya ndizi, ana neno moja tu la mumewe lililobaki, na mimi nimelipakia beti.

Nimesema sitakupa mawaidha na sikupi. Ila nakuomba kitu, kwa kuwa unakwenda kukaa na hao washairi miaka, mwanafunzi wa kweli, si kama mimi wa juu ya robota. Usiwaonee huruma mno kwamba walilazimishwa. Wengine walilazimishwa. Wengine walionyeshwa maiki. Na usiwahukumu haraka mno pia, kwa sababu ubeti mzuri unaotungwa kwa ajili ya rubisi bado ni mzuri, na hilo ndilo linalonitisha. Vile vina vyangu vimekaa, Kemi, vimekaa kabisa. Yule mwingine uliyenisimulia, aliyetunga vita vya Warumi kwa Warumi, aliyeanza kwa kumsifu mtawala mpaka juu mawinguni na mwisho mtawala huyo huyo akamwamuru ajiue, naye msome kwa jicho hilo. Usiulize tu alimchora mkubwa vipi, mzuri au mbaya. Uliza ameazima kinywa cha nani. Halafu mtafute huyo aliyeazimwa, kama ana mke, kama ana mama, alikuwa amekaa safu gani siku hiyo. Vitabu vyako labda havisemi. Wewe uliza hivyo hivyo. Wewe ulikaa hospitali na mwanamke ambaye hakuna aliyekuwa anamuuliza kitu, na uliuliza kwa Kichina, mpaka watu wakajibu. Mimi najisifu kwa mengi, mengine ya uongo, lakini hilo nikijisifu nalo hakuna wa kunipinga.

Kuhusu Mwenyekiti usiogope. Wateja wa Mwanza wakienda, wa Kahama wapo. Akinitoa kwenye umoja, nitakula nyumbani kabla ya sherehe kama watu wengine. Ninachoogopa ni kidogo tu, na nakiogopa tangu jana: muda. Nilikuwa nimejitungia maneno ya kusema. Yalikuwa mazuri, unanijua: salamu kwa wageni, salamu kwa meza kuu, kisha habari ya ushairi na wajibu wake, kisha kidogo Roma, ili wajue nina mtoto msomi. Nikayajaribu humu stoo mbele ya marobota. Katikati nikasimama. Mwenyekiti si mtu wa kuniacha nifike kati. Nikifungua mdomo tu, atamkonyeza mtu wa maiki, na watu watakuwa wamenisikia nikisalimu meza kuu, basi, nimeondolewa, nimekwisha.

Kwa hiyo nimekata. Nilikata salamu za wageni, ikaniuma kidogo. Nilikata meza kuu. Nilikata Roma, samahani, nilikata hata wewe. Nilikata jina langu, na hapo mkono ulisita, nakiri. Nimepunguza na kupunguza mpaka yamebaki maneno yanayoweza kutoka kabla mtu hajafika kwenye swichi. Sitasubiri maiki. Nitasimama kwenye safu ya mbele, karibu na kiti cha Mama Neema, taa zikiwa zimezimwa, sauti yangu ile ikiwa bado inaendelea juu, na nitasema kwa nguvu zote nilizonazo, kama ninavyoita pale Guangyuan Xilu: Deo hakuyasema hayo.

Nikiruhusiwa zaidi, nitasema ni nani aliyeyasema.

Baba yako